Kitufe cha katikati cha kipanya: desturi ya karibu miaka 40 ambayo Linux inafikiri kuizima

Mwanzoni mwa mwaka 2026, pendekezo dogo liliwekwa mezani katika mradi wa GNOME, moja kati ya miradi mikubwa inayotengeneza sura ya mbele ya ordinatere za Linux. Pendekezo linasema hivi: mtu akifinya kitufe cha katikati cha kipanya, maneno yasibandikwe tena, isipokuwa kama mwenye mashine ameomba hivyo yeye mwenyewe. Kwa upande wa Firefox, programu ya kufungulia kurasa za intaneti, wazo la namna hiyo lilitolewa pia wakati uleule.

Ndani ya kodi badiliko lenyewe ni dogo sana: mahali palipoandikwa « ndiyo » panaandikwa « hapana ». Lakini mabishano yaliwaka mara moja. Kwa wengine, ni kufunga mlango ambao makosa yamekuwa yakipitia kwa miaka mingi. Kwa wengine, ni kama kukatwa kidole wanachofanyia kazi kila siku.

Nyuma ya mabishano hayo kuna swali ambalo linamgusa kila mtu anayetumia programu huria, awe Helsinki ao Bukavu: kitu cha zamani kinapoondolewa, nani amehesabiwa, na nani hakuonekana?

Kipanya kilikuwa na vitufe vitatu

Ili kuelewa mambo haya, inafaa kurudi nyuma. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964 na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja. Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1968, Engelbart alikionyesha mbele ya watu San Francisco, na siku hiyo kipanya chake kilikuwa tayari na vitufe vitatu. Mwaka 1973, kampuni ya Xerox ilifuata njia hiyo kwa ordinatere yake iliyoitwa Alto.

Kisha njia zikaachana. Apple ilichagua kipanya chenye kitufe kimoja kwa Macintosh yake ya mwaka 1984, ili mtu asijiulize afinye wapi. Mwaka huohuo, kwenye chuo kikuu cha MIT, ulizaliwa mfumo wa X, ambao kazi yake ni kuchora madirisha kwenye kioo. Mashine kubwa za wasomi na wahandisi wa wakati ule zilikuwa na kipanya cha vitufe vitatu, na watengenezaji wa X waliona ni vema kila kitufe kipewe kazi yake. Cha kushoto kichague. Cha katikati kibandike.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi Helsinki, alianzisha Linux. Wale waliotaka madirisha kwenye Linux walichukua mfumo wa X kama ulivyokuwa, pamoja na desturi zake zote. Ndiyo maana jambo lililoamuliwa wakati wa mashine za bei kali bado linaishi leo ndani ya ordinatere ndogo zinazobebwa kwenye mfuko wa mgongoni.

Vikapu viwili, si kimoja

Kwa Windows ao kwa simu, kopye-kole inafanyika kwa hatua mbili zinazojulikana: unanakili, kisha unabandika. Kuna kikapu kimoja tu cha kuhifadhia. Ukinakili kitu kipya, kwa kawaida cha zamani kinapotea.

Kwa Linux kuna vikapu viwili. Cha pili ndicho kile cha kawaida, kinachojazwa kwa Ctrl na C, na kumwagwa kwa Ctrl na V. Lakini kuna kile cha kwanza, ambacho kinajijaza chenyewe. Inatosha kupitisha kipanya juu ya maneno mpaka yapate rangi. Hakuna amri yoyote ya kunakili. Ukienda mahali pengine na kufinya kitufe cha katikati, maneno yale yanatokea.

Anayezoea anaona faida mara moja. Mkono mmoja unatosha, klavye haiguswi. Na kwa sababu vikapu ni viwili, mtu anaweza kubeba vitu viwili kwa safari moja: kwa mfano jina la mteja katika kimoja na namba ya bilo yake katika kingine.

Kuna pia sababu ya kiufundi ambayo wanaofanya kazi kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, wanaijua vizuri. Pale ndani, Ctrl na C hainakili: inasimamisha programu inayotembea. Mtu anayetoka Windows akitaka kunakili kwa namna aliyozoea, anaweza kukata kazi iliyokuwa imeanza tangu asubuhi. Kwa kunakili, terminali nyingi zinadai Ctrl, Shift na C kwa pamoja. Kitufe cha katikati kinamwepusha mtu na hatari hiyo yote.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: katika kikapu kile cha kwanza, maneno hayahamishwi wakati wa kuchagua. Mfumo unaandika tu kwamba programu fulani ndiyo inayoshika maneno yaliyochaguliwa. Wakati wa kubandika, programu inayopokea inaomba maneno kwa ile inayoyashika. Ndiyo sababu mtu akifunga dirisha alimochagua maneno mbele ya kubandika, anaweza kukuta hakuna kitu.

Gurudumu na vidole vitatu

Kama vipanya vingebaki vilevile, pengine mabishano haya yasingekuwepo. Lakini mwaka 1996 Microsoft ilitoa kipanya kilichoitwa IntelliMouse, chenye gurudumu katikati la kupandisha na kushusha ukurasa. Gurudumu lilipendwa na watengenezaji wengine wakafuata. Kitufe cha katikati hakikufa: kilijificha ndani ya gurudumu. Siku hizi, kufinya katikati ni kufinya gurudumu lenyewe.

Matokeo yake ni rahisi kuelewa. Kidole kinachozungusha gurudumu, kikilemea kidogo, kinabandika maneno bila mwenyewe kutaka. Kwa ordinatere za kubeba ambazo hazina kipanya, mambo ni magumu zaidi: kwa Linux nyingi, kugusa kile kibao cha chini ya klavye kwa vidole vitatu kwa mara moja kunahesabiwa kama kufinya kitufe cha katikati. Mtu anaweka mkono vibaya, na aya nzima inatokea katikati ya barua yake.

Mara nyingi kosa hilo ni la kuchekesha tu. Lakini si kila mara. Kikapu cha kwanza kinajijaza bila mtu kujua, na hivyo mwenyewe hajui kila wakati kilicho ndani yake. Aliyechagua neno la siri dakika mbili zilizopita anaweza kulimwaga ndani ya mazungumzo ya watu hamsini. Mwandishi wa programu anaweza kuacha mstari usiofaa ndani ya kodi bila kuona. Na ndani ya terminali, maneno yaliyobandikwa pamoja na alama ya kwenda mstari mpya yanaweza kupokelewa kama amri na kutekelezwa palepale, hata kama terminali nyingi za sasa zina kinga juu ya jambo hilo.

Kuna pia suala la wageni. Kwa Windows, kufinya gurudumu ndani ya ukurasa wa intaneti kunaanzisha kutembeza ukurasa kwa kusogeza kipanya tu. Anayehamia Linux anafinya akitarajia hivyo, na anakuta maneno ambayo hakuyaomba. Na wageni wanaongezeka: tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi ambazo bado ni nzima hazikubaliwi na Windows 11. Kwa wenye mashine hizo, Linux ni moja ya njia chache za kuendelea kupata marekebisho ya usalama bila kununua mashine mpya.

Si mara ya kwanza

Linux imekwisha kupitia mabishano kama haya, na kila mara njia iliyochukuliwa ilikuwa tofauti kidogo.

Mwaka 2009, toleo la Ubuntu 9.04 lilizima amri ya Ctrl, Alt na kile kitufe cha kufutia herufi. Vitufe hivyo vitatu vikifinywa pamoja, mfumo wa X ulikuwa unauawa palepale, pamoja na kazi yote ambayo haijahifadhiwa. Wataalamu waliipenda kwa sababu iliwaokoa mashine ilipokwama. Lakini mtu asiyejua aliweza kupoteza kazi ya siku nzima kwa vidole vitatu. Ubuntu iliizima na kumwachia anayeitaka njia ya kuirudisha. openSUSE ilitafuta njia ya katikati: amri ibaki, lakini mtu aifinye mara mbili ndipo itende kazi.

Mwaka 2017, Firefox ilibadilisha jambo lingine la kitufe hiki hiki. Zamani, kwa Linux, mtu akifinya katikati mahali patupu pa ukurasa, Firefox ilichukua anwani iliyokuwa kwenye kikapu cha kwanza na kuifungua. Ukurasa aliokuwa anasoma uliondoka bila yeye kuelewa sababu. Desturi hiyo ilizimwa, lakini mlango wa kuiwasha haukufungwa.

Mwaka 2020, mambo yalikuwa makali zaidi. Ndani ya kiini cha Linux kulikuwa na kodi iliyomruhusu mtu, akiwa kwenye kioo cheusi cha maandishi tu, kufinya Shift na kitufe cha kupanda ukurasa ili asome mistari iliyokwisha kupita juu. Kasoro moja ya usalama ilirekebishwa ndani ya kodi hiyo, watu wakaichunguza kwa ukaribu, na wakakuta kasoro nyingine. Linus Torvalds hakutafuta mtu wa kuitengeneza: aliiondoa yote. Sababu aliyoandika ni kwamba kodi hiyo haikuwa na mtunzaji, pengine kwa kuwa hakuna anayeitumia tena. Aliongeza kwamba kama kuna wanaoitumia kweli, inaweza kurudishwa, mradi apatikane mtunzaji anayeitumia.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Torvalds anajulikana kwa kanuni kali kwamba kiini cha Linux hakipaswi kuvunja programu zinazotegemea kiini hicho. Lakini hata yeye, mbele ya kodi yenye kasoro na isiyo na mwenyewe, alihesabu ukimya kama jibu.

Wanaokitetea wanasema nini

Wanaotaka kitufe cha katikati kibaki jinsi kilivyo wana hoja tatu.

Ya kwanza ni ya mikono. Mtu mwenye maumivu ya viganja, ao anayetumia mkono mmoja tu, anaona tofauti kubwa kati ya kufinya kitufe kimoja na kushikilia vitufe viwili ao vitatu kwa pamoja. Kwake hiyo si anasa.

Ya pili ni ya mazoea. Mtu aliyefanya kitendo kimoja kwa miaka 20 hakifikirii tena, kinakaa ndani ya vidole. Ukikiondoa, unampunguzia kasi katika kazi inayomlisha.

Ya tatu ni kwamba jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Mfumo wa Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X, haukuwa na kikapu cha kwanza mwanzoni. Watumiaji walikidai, na baadaye kikaongezwa. Kwa hiyo, wanasema, hakikuingia kwa kusahauliwa: kilirudishwa kwa sababu watu walikihitaji.

Upande mwingine unajibu kwamba pendekezo la GNOME halifuti kitu. Linabadilisha tu namna mashine inavyotoka siku ya kwanza. Anayejua kitufe hicho ana uwezo wa kukiwasha. Asiyekijua hawezi kukizima, kwa kuwa hajui hata jina la kitu kinachomsumbua. Kwa hiyo, wanasema, mzigo wa kutafuta ubebwe na yule anayejua.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina udhaifu wake. Kitu kilichozimwa mwanzoni hakijulikani na wapya. Kisichojulikana hakitumiwi. Na baada ya miaka kadhaa, mtu atakuja kusema: hakuna anayekitumia, tukiondoe. Ndiyo maana wanaokitetea wanaogopa hatua hii ya kwanza kuliko wanavyoogopa badiliko lenyewe.

Nani anakata shauri?

Kwa programu za kulipia, kampuni inakata shauri na mteja anapokea. Kwa programu huria, anayeamua ni yule anayeitunza kodi, na mara nyingi ni mtu anayejitolea usiku baada ya kazi yake ya mshahara. Kila kitu kinachobaki ndani ya programu kinamdai: kujaribiwa kwenye kila toleo jipya, kurekebishwa kila kasoro inapoonekana.

Mtunzaji huyo hana hesabu kamili mbele yake. Programu nyingi huria hazichunguzi yale watumiaji wanafanya, na hilo ni jambo jema kwa usiri wa watu. Lakini lina bei: hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni watu wangapi wanafinya kitufe cha katikati kila siku. Kinachobaki ni wale wanaoandika na kulalamika. Wasioandika wanahesabiwa kama hawapo.

Kuna njia ya mwisho kwa wasioridhika. Leseni za programu huria zinaruhusu mtu yeyote kuchukua kodi na kuendelea nayo peke yake. GNOME ilipobadilisha sura yake kabisa mwaka 2011, mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua toleo la zamani na kuanzisha MATE, ambayo iko hai mpaka leo. Lakini njia hiyo inadai watu, muda na ujuzi. Si kila anayepoteza kitufe anaweza kuanzisha mradi.

Hapa kwetu inahusu nini

Ubuntu, moja ya Linux zinazojulikana zaidi, inatumia GNOME kama sura yake ya kwanza tangu mwaka 2017. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za kwao ambalo Mswahili analitambua bila mkalimani: ni ndugu wa neno letu utu. Kinachoamuliwa ndani ya GNOME kinaweza kufika ndani ya mashine hizo zote.

Mashine nyingi zinazotumika mashariki mwa inchi yetu ni za okazioni. Zinafika na klavye iliyochoka, pengine herufi ya C ao V haikubali tena. Kwa mtu wa namna hiyo, kunakili na kubandika kwa kipanya peke yake ni msaada, hata kama anaweza pia kutumia kitufe cha kulia na kuchagua ndani ya orodha. Upande wa pili, vijana wengi wanajua simu mbele ya kujua ordinatere. Kwao, maneno yanayotokea yenyewe kwenye kioo ni kama uchawi, na si uchawi mzuri.

Kwa hiyo watu wa pande zote mbili wako hapa kwetu. Lakini mabishano yenyewe yanafanyika kwa Kiingereza, kati ya watu wenye umeme na intaneti ya kudumu. Mwanafunzi wa Goma ao mwenye sekretariati ya Butembo, hata akisumbuliwa na badiliko, ni vigumu sauti yake ifike kule.

Namna ya kuchagua mwenyewe

Kwa sasa, mtu hana haja ya kungoja uamuzi wa wengine. Anayetumia GNOME anaweza kuweka programu iitwayo GNOME Tweaks na kutafuta mahali pa kuwasha ao kuzima kubandika kwa kitufe cha katikati. Anayependa terminali aandike amri hii ili kukizima:

gsettings set org.gnome.desktop.interface gtk-enable-primary-paste false

Akitaka kukirudisha, abadilishe neno la mwisho liwe true. Ndani ya Firefox, aandike about:config mahali pa anwani, kisha atafute middlemouse.paste. Wanaotumia KDE wanaweza kulipata jambo hilo ndani ya mipangilio ya mfumo.

Na kwa yule anayeona badiliko fulani linamharibia kazi, miradi hii iko wazi kupokea maoni ya kila mtu. Kiingereza kilicho sahihi si sharti. Ujumbe mfupi unaosema mtu anatumia mashine gani, anafanya kazi gani na badiliko linamgusa namna gani, unaweza kuwa na faida kuliko malalamiko marefu, kwa kuwa unamwonyesha mtunzaji mtumiaji ambaye hakujua kama yupo.